Jina la Mama Lisipoandikwa: Namna Wazao wa Waingereza Walio Ng'ambo Wanavyotafuta Ukoo Wao



Juma hili tunawapeleka mbali kidogo, hata ng'ambo ya bahari. Katika Kanada, Australia, New Zealand na Marekani kuna mamilioni ya watu ambao babu na nyanya zao walitoka Uingereza. Wengi wanajua neno hilo moja tu: "Tulitoka Uingereza." Kijiji gani? Hawajui. Ukoo gani ulibaki kule? Hawajui. Basi wanapofikia umri wa kuzaa, au wanapozika wazee wao, wanaanza kuuliza na kutafuta.

Mtaniuliza: habari ya Waingereza inatuhusu nini sisi? Inatuhusu kwa sababu utafutaji ule, karibu kila mara, unafunguka au unafungwa mahali pamoja, ni kusema kwenye jina la mama. Pale jina la mama lilipoandikwa vizuri, mjukuu wa mjukuu anafika hata kwenye mlango wa nyumba ya zamani. Pale lilipoachwa, njia inakatika. Na kuna watoto walioteseka maisha yao yote kwa sababu hiyo. Tutawafikia.

Namna walivyoondoka

Watu walitoka Uingereza kwa njia nyingi. Wengine walitafuta mashamba na kazi. Wengine walifuata dhahabu, kama wale waliokimbilia Australia tangu mwaka 1851. Wengine hawakuchagua: kati ya mwaka 1788 na 1868, serikali ilipeleka Australia wafungwa zaidi ya 160,000 kutoka Uingereza na Ireland, wanaume kwa wanawake. Safari ya meli ilichukua miezi. Aliyeondoka, mara nyingi hakurudi tena kuona mama yake.

Halafu kuna desturi moja ya Waingereza ambayo inapashwa kueleweka kwanza. Kwetu, mama anaweza kuitwa Mama Fulani kwa jina la mtoto wake, lakini kwa kawaida kwenye karte yake ya uchaguzi anabaki na jina alilozaliwa nalo. Kwa Waingereza, mwanamke aliyeolewa aliacha jina la ukoo wa baba yake, akachukua la mume. Akiolewa mara ya pili, anabadilisha tena. Kwa hiyo binti aliyeondoka na jina moja anazikwa Kanada na jina lingine, na kaburi halisemi alikuwa binti wa nani.

Kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana

Sisi walimu tunafundishwa kanuni hii: anza na kile mtoto anachokijua, ndipo umpeleke kwenye kile asichokijua. Wanaotafuta ukoo wanafuata kanuni hiyohiyo. Hawaanzi na mfalme fulani wa zamani wakishuka hadi kwao. Wanaanza na wao wenyewe, kisha mama na baba, kisha nyanya na babu, hatua kwa hatua kwenda nyuma.

Kazi ya kwanza haifanyiki kwenye kompyuta. Ni kukaa na mtu mzee kuliko wote katika jamaa na kumuuliza polepole: mama yako aliitwa nani kabla ya kuolewa? Alizaliwa wapi? Ndugu zake ni nani? Mlikuwa mkipata barua kutoka mji gani? Kisha wanafungua masanduku: Biblia ya nyumbani ambamo kurasa za mwanzo ziliandikwa kuzaliwa na kufa, picha zenye maandishi nyuma, barua, kitabu cha kazi cha askari, karatasi ya ndoa.

Tuchukue mfano wa kutunga, kama tunavyofanya darasani. Mama mmoja anakaa Toronto, Kanada. Nyanya yake aliitwa Mary Smith, naye alizaliwa Uingereza mwaka 1905 hivi. Mary Smith! Ni kama mtu akuambie, "Nitafutie Mama Furaha," katika Goma nzima. Lakini shangazi yake mzee anakumbuka kwamba mama ya Mary, kabla ya kuolewa, alikuwa wa ukoo wa Hartley. Neno hilo moja linageuza kazi yote.

Vitabu vya serikali

Uingereza ni muungano wa nchi. Tunayoeleza hapa ni ya England na Wales. Huko, tangu tarehe 1 Julai 1837, serikali ilianza kuandika kila kuzaliwa, kila ndoa na kila kifo. Ofisi kuu inaitwa General Register Office, na mtu aliye Toronto au Sydney anaweza kuomba nakala kwa intaneti, akalipa, ikamfikia kwa posta.

Cheti cha kuzaliwa kinasema siku na mahali, jina la mtoto, jina la baba na kazi yake, na jina la mama pamoja na jina la ukoo wake wa usichana. Kinasema pia nani alikwenda kuandikisha, na anakaa wapi. Mara nyingi ni mama mwenyewe. Wengi hawakujua kuandika. Wakatia alama ya msalaba, na karani akaandika kando kwamba hiyo ni alama ya fulani. Mjukuu anayeona msalaba ule anaona kazi ya mkono wa nyanya yake.

Turudi kwa mama wa Toronto. Ofisi hiyo ina orodha ambayo kila mtu anaweza kuitafuta, na ndani yake jina la usichana la mama limewekwa kando ya jina la mtoto. Mary Smith walio wengi wanapungua: anabaki yule mmoja au wawili ambao mama yao ni Hartley. Anaomba cheti. Sasa ana mji, ana mtaa, ana jina lote la mama ya Mary. Kutoka hapo anatafuta ndoa: Smith na Hartley walioandikwa pamoja, miaka michache kabla ya mtoto wa kwanza.

Lakini cheti cha ndoa kina ubaya wake. Tangu 1837 kiliandika jina la baba ya bwana arusi na kazi yake, na jina la baba ya bibi arusi na kazi yake. Mama zao? Hakukuwa na nafasi yao kwenye karatasi. Mama aliyezaa, akanyonyesha, akamvika binti yake siku ya arusi, hakutajwa. Hali hiyo ilidumu hadi tarehe 4 Mei 2021, siku ambayo majina ya mama yaliingizwa kwenye kumbukumbu za ndoa za England na Wales. Ni karibu miaka 184! Scotland, jirani zao, walioanza kuandikisha mwaka 1855, waliandika mama za pande zote mbili tangu mwanzo. Kwa hiyo mjukuu wa Scotland anapanda kwa haraka pale ambapo mjukuu wa England anakwama.

Hesabu ya watu

Chombo cha pili ni hesabu ya watu, inayofanywa kila baada ya miaka kumi tangu 1801. Ile ya 1841 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu nchi nzima, na tangu 1851 inataja parokia aliyozaliwa mtu. Karatasi hizo zinafichwa miaka 100 kwa heshima ya walio hai. Ile ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ile ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na mwaka 1941 hawakuhesabu kwa sababu ya vita.

Wamama, sikieni habari ya hesabu ya 1911. Mwaka huo serikali iliuliza wanawake walioolewa: umekaa miaka mingapi katika ndoa? Umezaa watoto wangapi walio hai? Wangapi wanaishi bado? Wangapi wamekufa? Majibu yapo hadi leo, na mara nyingi kwa maandishi ya wenye nyumba wenyewe. Mtu anayetafuta ukoo akiwa Australia anafungua karatasi ile akitaka tu jina la mji. Anakuta namba mbili zikikaa pamoja: waliozaliwa, na waliokufa. Ndipo anaelewa kwamba nyanya wa mama yake alizika watoto ambao hakuna mtu katika jamaa aliyewahi kuwataja. Yule aliyekuwa jina tu anakuwa mzazi mwenzetu.

Vitabu vya kanisa

Kabla ya 1837, wanaotafuta wanaingia katika vitabu vya parokia. Mwaka 1538, chini ya mfalme Henry VIII, makanisa yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Si vyote vilivyobaki: maji, panya na moto vilikula sehemu yake. Na humo tena mama ni kivuli. Kuanzia 1813 karatasi za ubatizo zilichapwa kwa mfano mmoja: majina ya ubatizo ya wazazi wawili, na jina moja tu la ukoo. Mtoto wa "John na Mary Smith." Mary wa wapi? Kimya. Inabidi kutafuta ndoa yao katika parokia ile na za jirani, na kusoma majina ya mashahidi, kwa sababu mara nyingi shahidi ni dada au kaka ya bibi arusi.

Mtoto wa mama asiyeolewa, padiri alimwandika mara nyingi kwa maneno ya aibu. Katika vitabu vya serikali pia nafasi ya baba iliachwa wazi. Leo mjukuu anayemtafuta hana kamba nyingine isipokuwa jina la mama yule ambaye watu walimdharau.

Watoto waliopakiwa katika meli

Sasa tufike kwa wale tuliosema waliteseka.

Kwa miaka mingi, mashirika ya msaada na makanisa ya Uingereza, yakikubaliwa na serikali, yalikusanya watoto maskini na kuwapeleka ng'ambo bila wazazi. Desturi hiyo ni ya zamani: mwaka 1618 kundi la watoto wa London lilipelekwa Virginia, Marekani. Kati ya 1869 na 1932 watoto zaidi ya 100,000 walipelekwa Kanada, wengi wao kufanya kazi za shamba na za nyumbani. Baada ya vita kuu ya pili maelfu walipelekwa Australia, na wengine New Zealand na Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Iliendelea hata miaka ya 1960.

Wengi hawakuwa yatima. Mama zao walikuwa hai: wajane, wanawake walioachwa, wasichana waliozaa bila ndoa, wagonjwa, maskini wasiokuwa na kodi ya nyumba. Waliweka mtoto katika kituo kwa muda, wakitumaini kurudi kumchukua. Waliporudi, wengine waliambiwa mtoto amepata wazazi wapya hukuhuku Uingereza. Na huko Australia, mtoto aliambiwa: mama yako amekufa. Wengine walibadilishiwa jina au tarehe ya kuzaliwa. Walikua bila cheti cha kuzaliwa, wakifanyishwa kazi, na wengi wakipigwa na kutendewa uchafu.

Mwaka 1986, mfanyakazi wa huduma za jamii wa mji wa Nottingham, Margaret Humphreys, alipata barua kutoka kwa mwanamke aliye Australia. Mwanamke huyo aliandika kwamba alisafirishwa akiwa mtoto mdogo, na alitaka kujua yeye ni nani. Margaret Humphreys hakuamini mwanzoni kwamba nchi inaweza kuwapeleka watoto wadogo hivyo peke yao. Alipoanza kutafuta, alikuta si mmoja, ni maelfu. Mwaka 1987 alianzisha Child Migrants Trust, shirika la kuwatafutia watu hao mama zao na ndugu zao.

Kazi yake ilipita kwenye vitabu vilevile tulivyoeleza: kuzaliwa kwa mtoto, jina la usichana la mama, ndoa ya mama baadaye kwa jina jipya, watoto wengine waliozaliwa, anwani ya mwisho. Ilikuwa mbio na wakati, kwa sababu mama walikuwa wanazeeka. Wengine walipatikana hai, wakakumbatia mtoto mwenye mvi. Wengine walipatikana kaburini, wamekufa mwaka uliotangulia. Wengi wa mama hao walikuwa wameficha siri hiyo hata kwa waume na watoto wao wa baadaye.

Serikali ya Australia iliomba msamaha tarehe 16 Novemba 2009, na ya Uingereza tarehe 24 Februari 2010. Uingereza iliweka mfuko wa kulipia safari za watu hao kukutana na jamaa zao, na tangu 2019 ikatoa pauni 20,000 kwa kila aliyepelekwa na ambaye bado anaishi. Franga hizo ni kitu. Lakini hakuna franga inayorudisha miaka ambayo mama alilala akijiuliza mtoto wake yuko wapi.

Tahadhari kwa anayetafuta

Wanaofanya kazi hii vizuri wanashika mambo manne.

Moja, hawanyakui jina kwa sababu linafanana. Wanadai karatasi mbili au tatu zikubaliane kabla ya kusema, "Huyu ni wetu." Katika intaneti kuna miti ya ukoo mingi ambayo mtu mmoja alikosea na mia wakanakili.

Mbili, hawashikilii herufi. Makarani waliandika kama walivyosikia, na jina moja linaweza kuonekana kwa namna tano.

Tatu, wanatafuta pande zote mbili za bahari. Kumbukumbu za taifa za Uingereza zilizo Kew, London, zina orodha za abiria walioondoka bandarini kati ya 1890 na 1960. Kumbukumbu za Kanada zina orodha ya watoto waliopelekwa kule. Mashirika yaliyowapeleka nayo yana makabrasha yao.

Nne, wanaheshimu walio hai. Siku hizi mtu anatoa mate kidogo, yanapimwa, na damu inasema ndugu yake ni nani. Kipimo hicho kinaweza kufungua siri ambayo mama mzee alibeba miaka sitini. Anayetafuta mwenye busara hapigi simu na kusema, "Mimi ni mtoto wako." Anapitia mtu wa kati, anaandika barua yenye maneno machache, anampa mama nafasi ya kupumua.

Na kwetu?

Habari ya watoto kutengwa na mama si ya Uingereza pekee. Hapa Kongo, wakati wa ukoloni, utawala wa Ubelgiji uliwachukua watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba mzungu, ukawaweka katika misioni mbali na mama zao. Mwezi wa Aprili 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba msamaha bungeni. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba dola la Ubelgiji lilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu, katika kesi iliyofunguliwa na wanawake watano waliochukuliwa hivyo wakiwa wadogo. Wanawake hao ni nyanya sasa. Mmoja mmoja alibidi atafute asili yake katika makabrasha ya wale waliomnyang'anya.

Basi tunajifunza nini? Karatasi inaweza kumkosesha mtoto mama yake, na karatasi inaweza kumrudishia. Huko Uingereza, tangu 1875 mzazi alipashwa kuandikisha mtoto ndani ya siku 42, ama sivyo aadhibiwe. Kwetu sheria inatoa siku 90 tangu kuzaliwa. Siku hizo zikipita, inabidi kupitia tribinali, na njia hiyo inadai muda na franga. Tunajua wamama wengi wamekimbia vita wakiacha kila kitu nyumbani. Ndiyo sababu tunasema: mama akitoka hospitali na mtoto, asingoje mume arudi kutoka safari wala sherehe ya kumpa jina. Aende ofisi ya etat civil ya komine yake au ya chefferie yake. Na akifika, asikilize karani anavyosoma jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi. Asione haya kusema, "Hapana, haliandikwi hivyo."

Kazi ya nyumbani ya juma hili ni ndogo. Kila mama achukue kaye na biki, akae na mtoto wake anayejua kusoma, waandike mistari mitano: jina la mama yake na kijiji chake, jina la mama ya mama yake na ukoo wake, jina la mama ya baba yake, majina ya watoto wote aliozaa, hata walioaga, na mahali kila mmoja alipozaliwa. Kama nyanya bado yuko hai, waende kwake kwanza. Kaye hiyo iwekwe pamoja na vyeti, katika mfuko ambao siku ya kukimbia unashikwa kabla ya sufuria.

Kikundi kikikutana, kila mama asome mistari yake kwa sauti. Wale wasiojua kuandika, wenzao wawaandikie, bila kuongeza wala kupunguza.

Tunawatakia juma jema, ninyi na watoto wenu.